Hela ya Mjomba, Ada ya Redio na Giza la Desemba

Maswali ya safari hii yametoka kwa walioko Ujerumani na wanaojiandaa kwenda kusoma uzamili na uzamivu huko.

Shikamoo dada. Nimepata nafasi ya uzamili Leipzig, sina ufadhili. Mjomba yuko tayari kunikopesha hela ya ile akaunti ya viza, nimrudishie nikishafika. Inawezekana?

Marahaba. Usimwahidi hivyo. Fedha hiyo, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, hufungiwa kwenye akaunti kabla ya viza, na ukifika unatoa euro 992 tu kila mwezi. Hizo ndizo kodi ya chumba, bima, chakula na nauli. Ukimtumia mjomba, utakula nini? Wengi husema watafanya kazi. Kazi zipo, lakini mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya ana kikomo cha siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na muhula wa kwanza huishia kwenye makaratasi na lugha. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo, kwa hiyo zitafute mapema. Na kama umevuka miaka 30, bei ya wanafunzi kwenye bima ya afya ya umma kwa kawaida huipati. Piga hesabu upya.

Kaa na mjomba umweleze kwamba deni litaanza kulipika ukishahitimu na kuajiriwa. Akikubali kwa sharti hilo, pokea kwa shukrani. Asipokubali, ni heri uahirishe mwaka mmoja uombe ufadhili, ukiwemo wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kuliko kusoma huku ukidaiwa na ukoo mzima.

Nimepata chumba cha bei nafuu, ila mwenye nyumba hataki nijiandikishe kwa anwani yake.

Tafuta kingine. Sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba anapaswa kukupa karatasi ya kuthibitisha kuwa unaishi hapo. Bila anwani, kibali cha ukaazi kitakusumbua. Wala usitume amana kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona.

Nimeletewa barua ya ada ya redio na televisheni. Sina televisheni!

Ada hiyo, euro 18.36 kwa mwezi, inatozwa kwa nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo. Mkiishi wanne, analipa mmoja na wengine mnamchangia. Waulize wenzako kwanza, huenda nyumba yenu inalipiwa tayari.

Nafanya uzamivu kuhusu wakulima wa mpunga Kilombero. Msimamizi wangu, mtu wa umri wa baba, anataka nipinge hoja zake mbele ya watu. Naona aibu, nanyamaza. Juzi ameniuliza kama kweli nasoma makala anazonipa.

Swali hili limenigusa. Kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu uliyolelewa nayo, lakini yeye anauona ukimya huo kama uvivu, na hakuna aliyemweleza vingine. Anza kwa maandishi. Siku moja kabla ya kikao mwandikie ulichokubaliana nacho kwenye makala, usichokielewa, na mahali unapoona ushahidi hautoshi. Kikaoni yeye ndiye atakayekuuliza, nawe utakuwa unamjibu mkubwa, jambo ambalo umelizoea tangu utotoni. Na kuhusu Kilombero, sema. Akiandika jambo ambalo mkulima wa kule asingelitambua, ukimya wako utaliacha lichapishwe.

Mama akipiga simu namwambia niko salama. Ukweli, tangu Novemba silali vizuri, chakula hakipiti, darasani siendi.

Pole sana, mdogo wangu. Desemba mjini Berlin jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mtu aliyekulia karibu na ikweta lazima alihisi giza hilo. Lakini unayoyaeleza yamezidi hali ya hewa. Studierendenwerk, shirika lile lile la kantini na mabweni, lina washauri wa kisaikolojia wanaotunza siri; omba anayeongea Kiingereza. Waandikie leo, maana foleni huwa ndefu. Mchana toka nje mwanga ungalipo. Jumapili maduka yakifungwa, usijifungie. Nenda kwa Mswahili mwenzako mpike pamoja. Mama naye mwambie hata nusu yake: "Mama, nimezidiwa, naenda kumwona mshauri." Na ukijiwa na wazo la kujidhuru, piga 112 au mgongee jirani, hata iwe saa nane usiku.