Hita inayonguruma ukutani: ifungue uisafishe kabla hujanunua nyingine

Mkuu, umesema hita yako ya lita 50 pale Mbezi Beach inanguruma kila ikiwashwa, maji yanatoka ya uvuguvugu, chini kuna kimrija kinadondosha, na fundi amekushauri mambo mawili: uzibe kimrija, halafu ununue hita mpya. Hilo la pili lisubiri. La kwanza usilifanye kabisa, na kama ameshaziba, zima hita sasa hivi.

Kimrija hicho ni cha valvu ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 27 hadi 60 yanatanuka kwa zaidi kidogo ya asilimia moja, yaani kwenye lita 50 inazidi nusu lita. Valvu hiyo pia inazuia maji yasirudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo ziada inatokea hapo tu. Kudondosha wakati hita inapasha ndiyo kazi yake. Ikidondosha kutwa hata hita ikiwa imezimwa, mara nyingi kuna punje ya mchanga iliyokwama ndani. Nyanyua kile kiwenzo mara tatu nne maji yatoke kwa nguvu. Isipokoma, pima presha ya pampu, kisha badilisha valvu. Nyingi ni za nusu inchi, na presha ya kufungukia, kwa kawaida baa 8, imeandikwa kwenye mwili wake. Ukiziba, halafu siku moja themostati, yaani kidhibiti joto, ikagoma kukata umeme, maji yanavuka nyuzi 100 bila kugeuka mvuke kwa sababu yamebanwa. Tangi likiachia hapo, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na ukuta wa bafu hauwezi kuustahimili.

Sasa kelele. Mlio wa birika linalokaribia kuchemka, wenye kupasukapasuka, ni chokaa. Maji mengi ya visima vya ukanda wetu wa pwani yana chokaa na chumvi, na hivi viwili havifanani: chokaa inagandia koili, yaani chuma kinachopasha maji ndani ya tangi, na chumvi inakula chuma. Maji yanayonaswa chini ya ganda la chokaa yanachemka peke yake, mapovu yanapasuka, nawe unasikia ngurumo. Uvuguvugu nao unatoka hapohapo. Kipimo cha themostati kiko jirani na koili, na vyote vikizikwa kwenye tope la chokaa, kipimo kinapata moto mapema na kukata umeme wakati maji ya juu hayajaiva. Kupandisha themostati hakusaidii; kadiri joto linavyozidi nyuzi 60, ndivyo chokaa inavyoganda haraka. Hita nzima ya lita 50 yenye koili ya wati 1500 inafikisha nyuzi 60 kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu, ikila uniti mbili hivi za LUKU. Taa yako ikizima baada ya dakika 20 na tangi lilikuwa la baridi, jibu umeshalipata.

Kishindo kimoja unapofunga bomba ni jambo jingine: presha ya pampu na mabomba yasiyobanwa ukutani. Mlio wa kuchachatika karibu na nyaya, au harufu ya kuungua, ni nati iliyolegea; zima, usisubiri wikiendi.

Kufungua: shusha breka ya hita na mainswichi, kisha hakikisha kwa testa kwenye nyaya zenyewe, maana baadhi ya swichi za bafuni zinakata waya mmoja tu. Acha maji yapoe. Funga koki ya baridi, fungua bomba la moto la bafuni ili hewa iingie, halafu mwaga maji kupitia upande wa buluu. Ukingoja yatoke upande mwekundu utakaa sana, kwa sababu mrija wake wa ndani unaishia juu ya tangi. Piga picha ya nyaya, chomoa themostati, weka ndoo, ndipo ulegeze nati za flenji, kile kifuniko kinachoshika koili. Litashuka tope zito pamoja na vipande kama maganda ya mayai.

Toa kwanza fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi, kisha loweka koili usiku kucha kwenye siki nyeupe, au gramu 50 hadi 100 za asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Usiigonge kwa nyundo. Asidi ya kusafishia choo usiikaribishe, inakula shaba. Ndani ya tangi komba kwa mkono au kijiti, kwa sababu chuma kinakwangua rangi ngumu ya ndani na kutu inaanzia hapo.

Koili ikikauka ipime kwa multimita. Ya wati 1500 isome karibu omu 35, ya 1200 omu 44, ya 2000 omu 26. Kati ya ncha zake na mwili wa chuma kusisome kitu. Ikisoma hata kidogo, inavujisha umeme, nayo ndiyo inayoshusha ile breka yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja. Inunuliwe nyingine.

Watu wanaisahau fimbo ya magnesiamu, na hapo ndipo hita zinapofia. Chumvi inaila yenyewe badala ya tangi. Ikibaki nusu ya unene, au waya wa katikati ukionekana, badilisha. Nenda nayo Kariakoo kama sampuli, maana nyuzi za parafujo zinatofautiana. Chukua na gasketi mpya. Ya zamani haibani tena. Kwa maji ya kisima chungulia fimbo kila mwaka. Tangi lenyewe likianza kuvuja kwenye bati, hapo ndipo fundi wako yuko sahihi: kuchomelea kunaunguza rangi ya ndani, na litatoboka pembeni yake.

Kurudisha, kaza nati kwa kupishana. Rudisha waya wa ethi mahali pake. Fungua maji baridi huku bomba la moto liko wazi mpaka yatoke bila kukohoa hewa, kausha flenji kwa kitambaa, ngoja nusu saa uone kama kuna unyevu, ndipo upandishe breka. Koili ikiwashwa kavu inaungua ndani ya dakika chache.