Jibu: Molekuli ni ya somo gani hasa?
Ndugu, umeuliza kwa nini molekuli unaisoma kwenye kemia, kisha unaikuta tena kwenye biolojia na fizikia. Chukua himoglobini, ile molekuli inayobeba oksijeni kwenye damu. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake waliipitisha kwenye umeme, wakaona ya mgonjwa wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu) inasafiri tofauti na ya mtu mwenye afya. Kipimo cha fizikia hicho! Baadaye mwanasayansi Vernon Ingram akaonyesha kuwa ni amino asidi moja tu iliyobadilika, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyoiunda himoglobini. Hapo ni kemia. Na biolojia ndiyo inayonigusa zaidi, maana ni ya kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria.