Kwa mnaoanza labu: kabla hujafungua katyubu ka kimeng'enya rikombinanti

Wadogo zangu mnaoingia labu, naandika hii sababu naona sana mtu anakabidhiwa katyubu ka protini anaambiwa haya kapime, na hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Kimeng'enya rikombinanti cha binadamu hakijakamuliwa kwenye mwili wa mtu, ni jeni ya binadamu imepandikizwa kwenye seli nyingine, mara nyingi bakteria E. coli, au seli za wadudu, au HEK293 ambazo zenyewe asili yake ni binadamu, zile seli ndo zinazalisha protini kisha inasafishwa. Muulize aliyekukabidhi imetoka kwenye seli gani, maana E. coli haiweki zile sukari ambazo seli zetu zinabandika kwenye protini, na kama kimeng'enya chako kinazihitaji ili kijikunje vizuri, cha bakteria kitakuangusha hata kama amino asidi ni zilezile.

Karatasi ya maelezo someni yote, na iwe ya loti (kundi la uzalishaji) mliyonayo mkononi. Wengi wakiona usafi zaidi ya 95% wanaridhika. Jamani, hiyo namba mara nyingi inatoka kwenye jeli ya SDS-PAGE (inayotenganisha protini kwa ukubwa), na pale protini imeshachemshwa ikafumuka, kwa hiyo mstari mmoja mnene unakwambia ipo na uzito wake ni kiasi gani, haukwambii inafanya kazi. Tafuta yuniti ngapi kwa miligramu. Yuniti 1 kwa kawaida ni kiasi kinachobadilisha mikromoli 1 ya sabstreti (kitu ambacho kimeng'enya kinakifanyia kazi) kwa dakika 1, ila kuna watengenezaji wanaopima kwa pikomoli, na joto na pH yao inaweza isiwe yako. Angalia na tegi, kipande kilichoungwa kwenye protini ili iwe rahisi kuisafisha: histidini 6 ni kama kilodaltoni 0.8 tu (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), lakini GST, ambayo ni protini nzima, ni kama 26, ukiisahau kwenye kimeng'enya cha kilodaltoni 29 hesabu yako ya molariti inapotea karibu mara mbili.

Sasa kufungua. Kama ni unga, zungusha kwanza kwenye sentrifyuji sekunde chache, maana unga unakuwa umeng'ang'ania kwenye kifuniko na ukifungua tu umeshaupoteza. Weka bafa (maji yenye kemikali zinazoshikilia pH) taratibu, iache itulie, pindua tyubu kwa mkono, usiitingishe kwa voteksi (mashine ya kutikisia tyubu), ukiona povu ujue protini inaharibika pale hewa inapokutana na maji. Afu gawa hapohapo kwenye vityubu vidogo vya kutumia mara moja, andika jina, loti, konsentresheni na tarehe, peleka -80, sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaua vimeng'enya vingi. Kilicho kwenye gliseroli 50% hakigandi kwenye -20, ila ni kizito, vuta pole pole na ncha ya pipeti iguse juu juu tu, ukiizamisha kinachonata nje ya ncha kinaingia nacho kwenye kipimo. Na ukishakizimua sana kinajibandika kwenye plastiki, hapo BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kidogo ndani ya bafa inasaidia.

Bafa yenye EDTA (kemikali inayokamata madini) iwe mbali na kimeng'enya kinachohitaji magnesiamu, itaichukua yote.

Kontroli (vipimo vya kulinganishia) ndo nawasihi kabisa. Chukua mfano wa kimeng'enya kaboniki anihidrasi II na sabstreti p-nitrofenili asetati, ikikatwa inatoa rangi ya njano unayoisoma kwenye nanomita 400 au 405. Ile sabstreti inajikata yenyewe kwenye maji bila kimeng'enya chochote, na pH ikipanda inajikata haraka zaidi, kwa hiyo usipokuwa na kisima (kishimo kwenye sahani ya kupimia) kisicho na kimeng'enya utakipa kimeng'enya sifa ya kazi ambayo maji yamefanya. Ongeza na kisima chenye kimeng'enya kilichouliwa kwa joto. Soma mwanzoni kabisa, kabla sabstreti haijapungua zaidi ya 10%, kisha punguza kimeng'enya nusu uone kama kasi nayo inashuka nusu. Isiposhuka hivyo, usiguse vizuizi (kemikali zinazozuia kimeng'enya) bado, rudi kwenye dozi ya kimeng'enya na muda wa kusoma mpaka hizo mbili zikae sawa.