Kabla ya kupanga viti vya Baraza: kwa vijana wapya wa dawati la sera

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu yenu ya Baraza la Taifa la kuongoza sera ya mawasiliano. Kiswahili kimenyooka, mchoro wa muundo unapendeza, na posho za vikao mmeshazipigia hesabu. Nilichokitafuta nikakikosa ni kazi ya Baraza lenyewe. Kila kundi la field linalopita hapa Mwanza linaanguka palepale, na kwa kuwa nawapenda na siku zenu za mafunzo ni chache, nawaandikia yote kwa mkupuo mmoja.

1. Anzeni na uamuzi. Hapa nitakaa, maana sisi wenyewe tuliumia. Timu yetu iliwahi kupeleka andiko dhana la chombo cha juu cha namna hiihii. Tuliandika kwamba "kitaratibu, kitashauri na kitahamasisha". Tukapanga makatibu wakuu, sekta binafsi, vyuo vikuu na sekretarieti. Kikaoni, mzee mmoja aliyekuwa akisoma kimya, kalamu mkononi, akauliza: "Ni uamuzi gani umekwama leo, ambao chombo hiki kitaukwamua?" Chumba kizima kikanyamaza. Andiko likarudishwa, na lilistahili kurudishwa.

Kilichoniuma ni kwamba jibu tulikuwa nalo. Tulikuwa tumetoka visiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Mvuvi wa dagaa alitutolea simu yake kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, akatuonyesha kwa kidole upande wa ziwa ambako mtandao hukata. Injini ikifa huko usiku, alisema, unasubiri kuche upate chombo cha kukuvuta. Sasa fikirieni nani angemsaidia. Masafa ya redio na leseni ni TCRA, mdhibiti wa mawasiliano. Ruzuku ya mnara mahali ambapo kampuni haioni faida ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu za mawasiliano, unaendeshwa na TTCL, kampuni ya simu ya Serikali. Umeme ni TANESCO, kibali cha ujenzi kiko halmashauri, usalama wa vyombo vya majini ni wakala wa meli, TASAC. Kila mmoja ana sheria yake na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye mamlaka ya kumwambia mwenzake aanze. Ni katika ziwa hili meli ya MV Bukoba ilizama mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Sisi yule mvuvi tulimwacha ndani ya daftari, kwenye andiko tukaandika "kuhamasisha". Mpaka leo nikiliona neno hilo kwenye rasimu ya kijana, kalamu yangu inalifuata.

2. Baraza lisiguse leseni. Mmelikabidhi uwezo wa "kuidhinisha watoa huduma", na sentensi hiyo moja inaangusha andiko zima. Sheria ya mwaka 2003 iliunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji ikazaa TCRA, na asiyeridhika na uamuzi wa TCRA ana pa kukatia rufaa: Baraza la Ushindani. Baraza lenu likigawa leseni, aliyenyimwa ataenda wapi? Tena Serikali inamiliki TTCL yote na asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Huwezi kuwa na duka sokoni halafu ukawa wewe mwenyewe unayewapangia wenzako meza. Baraza liseme nchi inataka kufika wapi na lini. Mdhibiti aachwe asimamie waliomo njiani, wote kwa kipimo kimoja.

3. Hazina iwe ndani ya chumba. Mmeiga India, sawa, lakini mmeacha kiungo muhimu kuliko vyote. India iliunda Tume yake ya Mawasiliano ya Simu mwaka 1989 kwa azimio la serikali, ikaipa mamlaka ya kiutawala na ya kifedha, na mmoja wa wajumbe wake kazi yake ni fedha. Mdhibiti wao, TRAI, alikuja mwaka 1997 na akakaa kando. Mwaka 2018 Tume hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Tume ya Mawasiliano ya Kidijitali. Ninyi mmechukua mchoro, mkamwacha mtu wa fedha nje kwa sababu "si mdau wa TEHAMA". Jamani! Uamuzi usio na kasma unabaki kwenye muhtasari wa kikao.

4. Someni kilichopo kabla ya kuandika neno "pengo". Tulikuwa na sera ya mawasiliano ya simu ya mwaka 1997, sera ya TEHAMA ya mwaka 2003, na nyingine ya mwaka 2016. Tume ya TEHAMA ilianzishwa mwaka 2015, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina sheria ya mwaka 2019, na ulinzi wa taarifa binafsi una tume yake kwa sheria ya mwaka 2022. Mkurugenzi wa yeyote kati ya hao akiisoma rasimu yenu, swali lake la kwanza litakuwa kama mnamnyang'anya kazi. Muwe na jibu la aya moja.

5. Akidi, yaani idadi ya wajumbe wa kutosha kufanya kikao, iandikwe. Sekretarieti iwe ndogo, ikae wizarani. Ushauri wa Baraza uwe na siku maalumu ambazo wizara husika lazima iwe imejibu kwa maandishi.

6. Nendeni mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Kirumba hapo ni nauli ya daladala tu. Waulizeni wenye mitumbwi mtandao wa nchi gani unashika wakifika mbali, maana maji haya tunayagawana na Uganda na Kenya, na masafa hayajui mpaka. Kwa hiyo kwenye orodha ya maamuzi ya Baraza ongezeni mazungumzo na majirani. Rasimu yenu haina hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Kazi ya sasa ni hii: futeni orodha ya wajumbe yote. Chukueni karatasi tupu, upande wa kushoto andikeni maamuzi yaliyokwama, upande wa kulia ofisi ambazo lazima zikubaliane ili kila moja lipite. Uamuzi wenye ofisi moja tu upande wa kulia, ufuteni, hauhitaji Baraza. Mkibaki na maamuzi chini ya matatu, njooni tuongee kabla hamjaandika kitu kingine.