Maswali ya Wasomaji: Vitufe Vinavyohamahama

SWALI: Ninatengeneza programu ya simu ya hesabu za duka. Ukurasa wa mwanzo una vitufe 14, na kila siku vinajipanga upya: kinachotumika sana kinapanda juu. Wenye maduka wanalalamika. Mtu anataka "Mauzo", anajikuta kwenye "Madeni". Niuondoe mpango huu?
Mtengeneza programu, Morogoro

JIBU: Ondoa kuhamahama, bakiza kujirekebisha. Aliyezoea programu hasomi tena maneno, kidole chake kinakwenda mahali. Ukihamisha kitufe unamlazimisha aanze kusoma upya, na muda uliotaka kumwokolea unaishia kwenye kutafuta. Menyu za Microsoft Office 2000 zilificha amri zisizotumika mara kwa mara. Kufikia toleo la 2007, Word na Excel zilikuwa zimeziacha na kuweka utepe wa vitufe.

Nakili, usihamishe. Vitufe 14 vikae palepale daima. Juu yake tenga mstari wa nafasi tatu kwa nakala za vile vinavyotumika zaidi, na utengwe tangu siku ya kwanza hata ukiwa mtupu. Mstari huo ukitokea baadaye utasukuma vyote chini, nawe utakuwa umerudia kosa lilelile.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kitufe kikibonyezwa kiongezee alama 1. Kila usiku zidisha alama za vitufe vyote kwa 0.9. Kitufe kilichoachwa kitabaki na nusu ya alama zake baada ya siku 7 hivi. Kitufe kipya kisiingie mstarini mpaka alama zake zizidi za kile cha mwisho mstarini kwa asilimia 20, vinginevyo viwili vinavyokaribiana vitapokezana nafasi kila kukicha. Badiliko lifanyike programu inapofunguliwa tu, kamwe si mtu akiwa kazini. Na "Futa" isiingie humo hata ikiwa na alama nyingi kiasi gani.

Hesabu hii ina udhaifu mmoja mkubwa: inasahau kazi za mwezi. Baada ya siku 30 alama hubaki kama asilimia 4, hivyo "Ripoti ya mwezi" haitapanda kamwe, ilhali mwenye duka anaihitaji sana. Mpe uwezo wa kukibonyeza kitufe kwa muda na kukibandika mwenyewe. Alichobandika mtu kisiondolewe na hesabu. Simu ikitumiwa na mwenye duka pamoja na msaidizi wake, alama zifuate namba ya siri ya kila mmoja, maana ukizichanganya hutamfaa yeyote.

SWALI: Wateja wangu wazee wamekuza maandishi ya simu, sasa maneno kwenye vitufe yanakatika. Je, niulize umri ili niwape ukurasa wao?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umri hausemi mtu anaona vipi, simu yake imeshakwambia. Kwenye Android pima maandishi kwa sp (kipimo kinachokua na ukubwa wa maandishi aliouchagua mtu), si dp (kipimo kisichoufuata ukubwa huo), ili yafuate chaguo lake. Yanakatika kwa sababu kitufe kimepewa kimo kisichobadilika: weka kimo cha chini cha dp 48 na uache kirefuke. Vitufe viwili vilivyo ubavu kwa ubavu, kama "Thibitisha malipo" na "Rudi nyuma", vipangwe juu na chini nafasi isipotosha. Kisha jaribu ukurasa kwa asilimia 200, kiwango ambacho Android 14 inakiruhusu, kwenye simu ya skrini ndogo.