Muulize Fundi Baiskeli: treina inalia, nyingine haiungani na simu

SWALI: Fundi habari, niko Tanga. Nina treina ya mtumba (stendi ya kupigia baiskeli pedali ndani ukiwa hapo hapo), ile ya kubana gurudumu la nyuma linasugua kwenye rola, ina waya mrefu wa kubadilisha ugumu unaofungwa kwenye usukani. Mwanzo ilikuwa poa, siku hizi inalia mpaka jirani kauliza nasaga nini, nikisimama kwenye pedali tairi linateleza, alafu huo ugumu niweke 1 niweke 6 naona ni ule ule. Fundi wa hapa mtaani anasema beringi zimekufa tufungue. Tufungue?

JIBU: Msifungue kitu kwanza, mwambie fundi arudishe spana mfukoni. Toa baiskeli kwenye treina, zungusha lile flaiwili (gurudumu zito la chuma lililoungana na rola) kwa mkono na usikilize, kisha shika rola utikise juu chini. Kama linazunguka kimya na halichezi basi beringi hazina kosa, makelele yanatoka kwenye tairi, na kwa jinsi ulivyoeleza mimi naweka hela yangu kwenye tairi. Hukusema ni la aina gani ila kama ni lile la meno meno la mountain bike hapo hamna dawa, litanguruma tu maana kila jino linagonga rola, weka tairi laini.

Kama tayari ni laini, angalia upepo. Tairi jembamba la resi jaza kama 100 psi hivi (kipimo cha upepo kwenye pampu) ila usipite namba iliyochapwa ubavuni, na upime kila ukitaka kupanda, maana tairi likipungua upepo kidogo tu linaanza kuteleza, likiteleza linapata joto, likipata joto mpira unayeyuka na kuganda kwenye rola, rola inakuwa na utando mweusi unaong'aa kama lami, na huo utando ndio unaolia. Futa rola kwa kitambaa chenye spiriti mpaka chuma kionekane, futa na tairi pia. Oili usiguse kabisa hapo, hata ile ya kupuliza watu wanayopulizia kila kitu. Alafu kaza: rola ikishagusa tairi ongeza mizunguko kama miwili ya ile skrubu inayosukuma rola kwenye tairi, shika flaiwili kwa mkono mmoja na mwingine jaribu kusukuma gurudumu. Likiteleza kirahisi ongeza robo mzunguko, ujaribu tena. Ukikaza kupita kiasi ndio kweli utaua beringi, na tairi litaisha haraka katikati libaki bapa.

Sasa huo ugumu usiobadilika. Ndani ya treina ya sumaku kuna sahani, mara nyingi ya alumini, inazunguka katikati ya sumaku bila kuzigusa. Alumini haivutwi na sumaku, wengi wanashangaa hapo, lakini ikizunguka karibu nayo umeme unazaliwa ndani ya sahani yenyewe na huo umeme ndio unaoipinga isizunguke, kwa hiyo kazi ya waya wako ni kusogeza sumaku tu. Wewe uko pwani, chumvi ya hewani jumlisha jasho, waya ushashika kutu ndani ya ala yake. Mwambie mtu abonyeze ile lever huku wewe unaangalia upande wa treina, kama waya hautembei ndio huo. Waya wa gia na ala yake dukani vinafaa mara nyingi, nenda na wa zamani ulinganishe kichwa. Kama waya unatembea vizuri na ugumu hamna, au unasikia chuma inakwaruza, hapo ndio fungua kava, utakuta sumaku imebanduka gundi. Angalia vidole, zile sumaku zinabana vibaya.

Na ikitokea kweli ni beringi, namba imechapwa ubavuni, mfano 6001-2RS, unaenda nayo duka la beringi huhitaji duka la baiskeli. Wakati wa kuingiza kwenye tundu lake gonga ringi ya nje. Ukigonga ya ndani umeiua mpya kabla haijafanya kazi.

SWALI: Shemeji kaniletea treina smart (ya umeme, inayounganika na simu) kutoka Marekani, ile unatoa gurudumu la nyuma unafunga cheni moja kwa moja. Nimeogopa kuichomeka. Na ya rafiki yangu kama hiyo inakataa kuunganika na simu kila siku, tatizo nini?

JIBU: Umefanya vizuri kuogopa. Soma kibandiko cha adapta palipoandikwa INPUT. Ikisema 100-240V chomeka bila wasiwasi, unatafuta plagi ya kubadilisha umbo tu. Ikisema 120V peke yake usithubutu, umeme wetu ni 230V, tafuta adapta nyingine yenye volti na ncha ile ile upande wa OUTPUT na ampea zisizopungua.

Ya rafiki yako kabla hajamlaumu mtu aangalie kama kuna simu nyingine au tablet imeshaishika kwa Bluetooth. Treina nyingi zinakubali kifaa kimoja tu kwa wakati, unahangaika sebuleni kumbe simu ya zamani iko chumbani imeng'ang'ania. Azime zote, awashe moja. Ikikubali apige pedali dakika 10 ipate joto, ndio afanye kalibresheni, yaani kuiweka sawa vipimo vyake: unakimbiza mpaka spidi ambayo app inataka, unaacha kupiga, unaiacha isimame yenyewe. Ukiifanya ikiwa baridi namba za wati (nguvu unayopiga) zitakudanganya.

SWALI: Naweza kufunga Phoenix ya mzee kwenye treina?

JIBU: Aisee. Gurudumu la zile baiskeli ni inchi 28 ya zamani, rimu yake ni milimita 635 wakati ya 700C, saizi ya baiskeli za resi, ni 622, na tairi lenyewe nene, kwa hiyo kwenye treina nyingi rola haitakaa mahali pake. Ekseli nayo ni ya nati, vikombe vya treina vimetengenezwa kwa ajili ya ile ya kufungua haraka. Mwachie mzee baiskeli yake.