Kupanga Himbi au kujenga Ndosho?

Ndugu, umeuliza kama uendelee kulipa dola 150 kwa mwezi Himbi, hapa Goma, au dola 12,000 ulizoweka uzimalizie kwenye parsele (kiwanja) Ndosho, mtaa mwingine wa Goma. Kodi yako ni 1,800 kwa mwaka, kwa hiyo hizo 12,000 ni karibu miaka 7 ya kupanga. Kwa karatasi, kujenga kunashinda. Ila parsele haiishii kwenye bei: kuna malipo ya komisioneri (dalali), kuvunja mawe ya volkano kabla ya msingi, tanki la maji, ukuta, na makaratasi, ambayo ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 ardhi ni ya serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia, na ushahidi wake ni hati ya usajili. Fishi (karatasi) ya parsele na saini ya chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, havitoshi, hata majirani wakiapa.

Halafu kuna volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mpangaji alipoteza vyombo, mwenye nyumba akapoteza vyombo, nyumba na kiwanja pia.

Mimi ningenunua parsele yenye hati, nijenge nyumba ya mbao kwanza, na nibakize walau dola 3,000 mkononi. Mbao unaweza kubomoa ukahamisha, matofali hapana. Ukiamua kubaki mpangaji, usikubali garanti (pesa ya dhamana kwa mwenye nyumba) ya miezi 6: sheria ya 2015 inasema isizidi 3 kwa nyumba ya kuishi.